Chumba cha Mama

Mama alipopata kiharusi mwaka 2017, nilimleta Dar es Salaam akae nasi. Nyumba ilikuwa ndogo na choo kilikuwa mbali na alipolala. Nikaamua kuongeza chumba chenye choo chake, nyuma ya nyumba.

Jirani yangu aliniuliza kama nina kibali. Nilimjibu kwamba kiwanja ni changu, hati ninayo, na chumba kimoja si ghorofa. Moyoni niliamini kibali ni njia ya watu wa ofisini kujipatia hela. Fundi akashauri tujenge Jumamosi na Jumapili, maofisa wakiwa mapumzikoni. Nilikubali. Wiki ya tatu tulikuwa tumefika kwenye lenta.

Jumatatu moja nilirudi kutoka kazini nikakuta X ya rangi nyekundu ukutani, na maneno "SIMAMISHA UJENZI". Nilijua jirani ndiye aliyenichongea. Siku nne sikumsalimia. Ya tano nilikwenda manispaa na bahasha mfukoni. Nasema hili kwa aibu: nilikwenda kuhonga.

Mkaguzi wa majengo, kijana wa rika la mwanangu, aliirudisha ile bahasha upande wangu wa meza. "Mzee, weka pesa yako. Kesho nitakuja tuangalie wote."

Alikuja. Alizunguka kiwanja taratibu, akiuliza maji taka yanaelekea wapi na gari la kunyonya choo linapita wapi. Kisha akaokota kipande cha nondo, akawa anagonga chini ndani ya chumba kipya. Kwenye pembe mlio ukabadilika. Hapo ndipo nilipokumbuka shimo la choo la zamani, tulilolifunika kwa zege mwaka 2009 tulipochimba jipya.

"Kitanda cha bibi kitakaa wapi?"

Nilinyoosha kidole palepale aliposimama. Tulinyamaza wote wawili.

Angeweza kuniandikia faini akaenda zake. Badala yake alikaa juu ya tofali akanieleza. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kuendeleza ardhi katika eneo lililopangwa bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kuongeza chumba nako ni kuendeleza. Ramani hupelekwa halmashauri kabla ya msingi ili wengine wakague usichokiona: umbali hadi mpaka wa jirani, hewa na mwanga, njia ya maji ya mvua, shimo la choo.

Nilibomoa. Iliniuma, maana akiba yote ilikuwa kwenye zile kuta. Nikatafuta mchoraji, nikapeleka ramani, nakala ya hati na risiti za kodi ya ardhi, nikalipa ada na faini. Nilirudi ofisini mara nyingi, na mara mbili ramani ilirudishwa irekebishwe. Shimo tulilijaza mawe na kifusi, chumba kikahamia upande wa pili.

Kabla ya kuanza upya nilikwenda kumwomba jirani msamaha. Hakuwa yeye aliyenisema. Nikaambiwa pia kwamba siku zile nne nilizomnunia, mkewe alikuwa akimletea mama uji mchana nikiwa kazini. Sikuwa na la kujibu.

Ndugu yangu, huenda nawe una mzazi wa kumsitiri, una haraka, na pesa haitoshi. Nakuelewa. Anza kwa mtendaji wa mtaa wako, uliza utaratibu, omba risiti kwa kila unacholipa. Kama umeshaanza kimyakimya, nenda hivyohivyo. Mimi nilikwenda nikiwa na kosa na rushwa mkononi, bado Mungu akaniwekea mtu wa kunizuia.

Mama aliishi katika chumba kile miaka miwili, hadi alipotutoka. Kitanda chake kilikaa juu ya ardhi ngumu.