Wazee wa Ogimi, Kisiwani Okinawa

Kusini kabisa mwa nchi ya Japani kiko kisiwa chembamba kiitwacho Okinawa, na upande wake wa kaskazini, baina ya milima yenye msitu na bahari, kuna kijiji cha Ogimi. Wakazi wake ni kama elfu tatu. Sifa za kijiji hicho zimeenea duniani kwa sababu ya wazee wake, ambao wengi wamepita umri wa miaka 90 wakiwa bado wanapalilia bustani zao wenyewe.

Mkulima wa Kisii akifika huko katika mtaa wa Kijoka atastaajabu kuona migomba ambayo watu hawailimi kwa ajili ya ndizi. Hulimwa kwa ajili ya nyuzi. Mgomba huchukua kama miaka mitatu kukomaa. Kisha hukatwa, na maganda ya shina huchemshwa katika maji ya majivu na kukwanguliwa. Nyuzi huchanwa nyembamba kama unywele, halafu huungwa kwa mafundo, moja baada ya moja. Kitambaa cha kanzu moja ya Kijapani chataka migomba kama 200. Kazi ya kuchana na kufunga mafundo haitaki nguvu. Yataka saburi na vidole vilivyozoea. Ndiyo maana tangu zamani imekuwa kazi ya mabibi wazee, kila mmoja barazani kwake.

Kazi hiyo ilikaribia kufa. Mwaka 1945 vita vilikiharibu kisiwa, na baadaye askari wa Marekani waliikata migomba mingi ili kuwaangamiza mbu wa malaria. Bibi Taira Toshiko, mwenyeji wa Kijoka, alirudi nyumbani mwaka 1946, akawakusanya wajane wa vita na kuanza upya. Mwaka 2000 serikali ya Japani ilimtukuza kuwa miongoni mwa mafundi walio hazina hai ya taifa. Alifariki mwaka 2022, mwenye umri wa miaka 101.

Chakula cha wazee hao ni cha kawaida: viazi vitamu, soya, mboga, na karela chungu ambayo watoto huikataa. Tena wanayo desturi iitwayo moai. Marafiki hukutana kila mwezi, huchanga fedha, na mmoja hupewa zote kwa zamu, kama wafanyavyo akina mama wa Kenya katika vyama vyao. Faida yake kubwa, pengine, si fedha. Mzee asiyeonekana siku ya mkutano huulizwa habari zake siku ile ile.

Lakini msomaji asidhani kwamba hewa ya Okinawa peke yake humpa mtu umri mrefu. Wamarekani walikitawala kisiwa hadi 1972, na nyama za makopo, vyakula vya mafuta na motokaa vikawa mazoea. Mwaka 1985 wanaume wa Okinawa waliongoza mikoa yote 47 ya Japani kwa urefu wa maisha. Mwaka 2000 walikuwa wa 26. Wanawake wao walikuwa bado wa kwanza.

Huko Kijoka wapo vijana wanaojifunza ufumaji. Uhaba uko kwenye uzi, kwa kuwa mabibi wa kufunga mafundo wamepungua, na fundi aliye kitandani pa kufumia hana budi kuwangoja.