Kandokando ya Tanganyika: Kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac

Barabara itokayo Bujumbura kuelekea kusini ni miongoni mwa barabara zenye mandhari ya kupendeza sana nchini Burundi. Mkono wa kulia wa msafiri ni Ziwa Tanganyika. Mkono wa kushoto ni milima iliyopandwa mihogo na migomba. Na ng'ambo ya maji husimama milima ya Kongo, ambako jua huzama kila jioni. Ni wachache wapitao hapo wasitamani kujenga nyumba kando ya maji yale.

Tamaa hiyo ndiyo iliyowatoa nyumbani mume na mke mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, wakati wa kiangazi cha mwaka 2024. Bwana ni askari aliyekaribia kustaafu. Bibi ni mchuuzi wa vitenge. Kwa miaka mingi walikuwa wakiweka akiba, na bwana alikuwa amesikia kwamba kuna kiwanja kinachouzwa ufukweni, karibu na Rumonge. Waliazima gari aina ya Hiace, wakang'oa viti vya nyuma na kutandika godoro, wakapakia jiko la makaa, sufuria, unga wa muhogo na dumu la maji. Petroli ilikuwa adimu, wakapanga foleni siku mbili. Watoto waliachwa kwa shangazi yao.

Hawakufika mbali kabla ziwa halijawaonyesha sura yake ya pili. Katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji, walikuta nyumba za fahari zimezingirwa na maji na kuta za nyua zimeanguka. Miezi michache kabla, mvua kubwa zilikuwa zimeliinua ziwa hadi kimo kilichokaribia kile cha mwaka 1964. Upande wa kaskazini, huko Gatumba, maji ya Mto Ruzizi na ya ziwa yalikuwa yamewahamisha watu wengi tangu mwaka 2020.

"Wenye nyumba hizi hawakuwa wajinga," bibi alisema. "Walipojenga palikuwa pakavu."

Bwana hakujibu. Aliendelea kuendesha.

Mwendo wa kiasi cha kilomita kumi hivi kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hudhani kuwa hapo ndipo wasafiri hao wawili walipokutana. Sivyo, walikutana Ujiji, ambayo leo imo nchini Tanzania, kisha wakaja kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa. Walitaka kujua jambo moja: Mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Walikwenda hadi mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao kwamba unaingia.

Jibu hilo lina maana hadi leo. Tanganyika ni ziwa refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kiasi cha kilomita 670, na kwa kina, ambacho hufika karibu mita 1,470, linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Mito mingi huingia humo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, ulioko Kalemie nchini Kongo. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibwa na udongo na majani, maji yakapanda; kizuizi kilipobomoka, yapata mwaka 1878, ziwa likashuka mita kadhaa. Hivyo ufuo wa ziwa hili haukupata kutulia mahali pamoja.

Kutoka Mugere barabara hupita Kabezi, kisha hubanwa kati ya mlima na maji. Hapo Gitaza maporomoko ya ardhi yaliangamiza watu na makazi mwaka 2015, na wasafiri wetu walipita polepole, bwana akitazama usukani na bibi akitazama miteremko isiyo na miti. Jioni waliegesha gari karibu na Minago, wakapika ugali na mukeke wa kuchoma, wakalala milango ikiwa imefunguliwa kwa upepo. Usiku ziwa lilijaa taa za wavuvi wa ndagala, ambao huwavuta samaki kwa mwanga wakati mwezi haung'ai. Bwana alikaa macho muda mrefu.

"Baba watoto, unawaza kiwanja?" bibi aliuliza.

"Nawaza nyumba yenye baraza," alijibu, "na asubuhi moja isiyo na tarumbeta ya kuniamsha."

Kesho yake walifika Rumonge, mji wa mawese na samaki, ulio kiasi cha kilomita 75 kutoka Bujumbura, ambako Kiswahili husikika sokoni kama Kirundi. Kiwanja kilikuwa kizuri kweli: mchanga mweupe, michikichi mitatu, na maji tulivu mbele. Dalali alitaka malipo ya kwanza siku ile ile. Bibi aliomba jambo moja tu, kwamba bwana apime kwa hatua za kijeshi. Kutoka ukingo wa maji hadi mpaka wa nyuma zilikuwa hatua 60. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pale karibu aliulizwa maoni yake. Aliwatazama kwa upole. "Wanangu, mwaka wa 1964 nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mtumbwi wa baba yangu tuliufunga kwenye mchikichi, huko nyuma ya hiki kiwanja. Maji yaliondoka, watu wakasahau. Sasa yamekuja kutazama mahali pake."

Dalali alicheka. Bwana hakucheka. Alisimama kitambo akiwa ameupa mgongo mlima, macho yakiwa ziwani, kisha akamshukuru dalali na kurudi garini. Fedha zilibaki katika kanga ya bibi.

Waliendelea kusini, wakapita msitu wa asili wa Kigwena na kufika Nyanza-Lac, ambako walikaa siku mbili wakiogelea na kula dagaa wabichi. Wakati wa kurudi walisimama katika vijiji vilivyo mbali na maji na mbali pia na miteremko mikali, wakauliza bei za viwanja na kuomba kuonyeshwa hati. Bado hawajanunua.

Anayetaka kufuata njia hiyo na aende wakati wa kiangazi, ahakikishe petroli mapema, na asiendeshe usiku pale barabara inapokaribiana na maji. Na kama anatafuta kiwanja, asiridhike na maneno ya muuzaji. Amtafute mzee wa mahali hapo, amuulize ziwa lilifika wapi mwaka 1964.