Tunu Tusizoziuza

Wako watu wengi siku hizi wanaowafundisha wenzao namna ya kujenga maisha yenye kuridhisha. Husema: tambua tunu zako, ziandike, kisha panga siku zako kwa kuzifuata. Shauri hilo ni jema, nasi tumelitumia hapa Uvira pamoja na vijana wetu. Kila mmoja aliandika mambo matatu anayoyaheshimu kuliko yote, na walio wengi wakaandika familia, ukweli na kazi. Ndipo kijana mmoja anayeuza ndagala sokoni akauliza: «Wazee wetu, kama ukweli unanirudisha nyumbani bila unga, je, familia nimeiheshimu?»

Swali hilo lilitunyamazisha. Mwenye kuchanganya ndagala zilizoanza kuvunda na zile mpya humaliza beseni lake mapema. Mwenye kuzitenga huhesabu hasara mbele ya watoto wake. Kuziandika tunu tatu ni kazi ya dakika chache. Ugumu huanza siku mbili kati yake zinapogombana.

Tulimkumbuka Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alipopewa rushwa ili aache chakula kilichoharibika kipite, alikataa, kwa maana watu wangekila na kudhurika. Alitekwa, akauawa mwezi wa Julai 2007, naye alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri kule Roma. Kukataa kwake hakukuzaliwa siku ile ya rushwa. Pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa amezoea kuwahudumia watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo. Tunadhani ndiyo sababu aliweza kuona, nyuma ya mifuko iliyooza, nyuso za watakaokula.

Nasi tunao mashahidi wetu wa pwani hii. Mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi. Walijua hatari iliyokuwapo, nao walibaki pamoja na watu wao. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini mwetu, Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza Misa ya kuwatangaza Wenye heri.

Hata hivyo, hatukumwambia kijana yule akawe shahidi sokoni. Ni vyepesi kumsifu marehemu kuliko kumsaidia aliye hai kubeba gharama ya ukweli. Tulimwomba aongeze mambo mawili kwenye karatasi yake. La kwanza: kando ya kila tunu, jina la mtu atakayeumia akiiuza. La pili: jina la mtu atakayemsaidia siku itakapomgharimu. La kwanza aliliandika upesi: mama mmoja, jirani yake, anayenunua kwake kila asubuhi. Penye jina la pili kalamu ilisimama.

Hapo tulielewa kwamba swali lake halikuwa lake peke yake. Mtu hawezi kuishi kwa ukweli katika jumuiya inayomwacha alipe peke yake. Kwa hiyo, katika likelemba letu, tulikubaliana kwamba aliyepata hasara kwa kutenga bidhaa mbovu atapokea zamu yake mapema, asidharauliwe wala kuulizwa maswali mengi. Fedha ni kidogo. Kijana bado anauza polepole kuliko jirani zake wa mezani, nasi hatumfichi jambo hilo. Lakini jina la pili sasa limeandikwa.

Ndugu msomaji, nawe chukua karatasi yako. Ukikosa jina la kuandika mahali pale pa pili, waambie wenzako wa jumuiya. Na ukiwa huna hasara yoyote mwezi huu, tazama kama jina lako limeandikwa kwenye karatasi ya mwingine.