Grottaglie, muji wa wafinyanzi: vyombo vya udongo vya jikoni ya zamani ya Italia

Kusini ya Italia, pale inchi inafanana na kisigino cha kiatu, kuko muji unaoitwa Grottaglie. Ukitoka Taranto, muji wa bandari, unaenda kilometa kama 20 upande wa mashariki, unapita katikati ya mashamba ya mizeituni na mizabibu, kiisha unafika. Jina la muji linatokana na mapango, kwa sababu tangu zamani watu wa kule walichimba jiwe kusudi wapate pa kukaa, na nyuma yake pa kufanyia kazi ya udongo.

Chini ya ngome ya zamani, ile iliyojengwa miaka ya 1300 na kuwa ya maaskofu wakubwa wa Taranto, kuko kartie nzima ya wafinyanzi. Atelie inafuata atelie. Zingine zimechimbwa ndani ya jiwe lenyewe, pamoja na tanuru zake, na juu ya nyumba wanapanga vyombo vikauke kwa jua. Ndani ya ngome kuko muze ya vyombo vya udongo. Mimi ningemushauri musafiri aanze kule mbele ya kuingia duka, kwa maana dukani kila kitu kinang'aa, na jicho lisilofundishwa linanunua kinachong'aa.

Chombo kinachojulikana kupita vyote ni capasone, mutungi mukubwa wa divai. Mwingine unaingiza zaidi ya litre 100. Hakuna fundi anayeweza kusimamisha udongo mwingi hivyo kwa mara moja juu ya gurudumu, utaanguka. Njo maana wanaufinyanga vipande viwili ao vitatu, wanaacha vikauke kidogo, kiisha wanaviunganisha. Ukipitisha mukono juu ya tumbo la mutungi wa zamani utasikia ule mustari wa kuunganisha, kama kovu. Karibu na chini kuko tundu dogo la kutolea divai. Nyumba ya mulimaji ilikuwa na mitungi ya namna hiyo pembeni ya ukuta, na ukiihesabu ulijua mavuno yalikuwa namna gani.

Kuko tena pignata, nyungu ya maharagi na dengu. Hiyo inanipendeza kuliko mutungi mukubwa, kwa akili yake. Ni ndefu kidogo, na mikono yake miwili yote iko upande mumoja. Kwa nini? Kwa sababu haikai juu ya moto, inakaa kando ya makala. Upande mumoja unaangalia moto, na mama anashika upande mwingine bila kuungua. Maharagi yanaiva polepole asubuhi yote, yeye yuko shambani. Wamama wetu wa mbabula wataelewa hesabu hiyo bila kufundishwa: makala kidogo, saa nyingi.

Na sahani? Kwa walimaji wa kule, sahani kubwa ilikuwa moja tu. Ilitiwa katikati ya meza, na jamaa yote walikula humo. Ile yenye picha ya jogoo, inayopigwa ukutani leo kama mapambo, ni mutoto wa sahani hiyo.

Chombo kikipasuka, hawakukitupa. Fundi wa kushona vyombo alipita vijijini na kekee yake, anatoboa matundu madogo kila upande wa ufa, anapitisha waya wa chuma, anakaza. Luigi Pirandello, mwandishi wa Sicilia aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1934, aliandika hadithi juu ya fundi wa namna hiyo, La giara. Muzee anaingia ndani ya mutungi mukubwa wa mafuta ya zeituni kusudi aushone, anaushona vizuri sana, halafu anashindwa kutoka, mudomo wa mutungi ni mudogo! Jina la yule muzee ni Zi' Dima Licasi. Nilipolisoma nilicheka peke yangu, ungesema ni mutu wa Likasi yetu.

Sasa tuingie katika rangi, na hapa watu wa mine wafungue masikio. Ile kijani ya vyombo vya zamani ni shaba. Kahawia na nyeusi-nyeusi ni manganezi. Buluu ni kobalti. Mufinyanzi alisaga, akachanganya na maji, akapaka, na moto ukafanya kazi yake. Vitu tunavyovitoa udongoni kwa tani, yeye alivitumia kwa ncha ya burashi.

Lakini kuko madini ya ine, isiyoonekana. Ule mungao kama kioo juu ya nyungu ulitoka kwa risasi, ile Wafaransa wanaita plomb. Ilikuwa bei nzuri na iliyeyuka kwa moto mudogo. Ikiiva vizuri, kioo kinaishika. Ikiiva vibaya, inatoka, na vyakula vyenye ukali ndivyo vinaivuta: tomati, ndimu, vinegre, na divai yenyewe. Jirani zetu wa Kabwe, kule Zambia, mine yao ilifungwa mwaka 1994, lakini risasi imebaki katika mavumbi, na watoto njo wanaumia zaidi, katika akili na katika damu. Wanganga wanasema hakuna kipimo kidogo cha risasi ambacho ni salama kwa mutoto.

Wazungu wenyewe walilitambua. Tangu mwaka 1984 sheria ya Ulaya inaagiza vyombo vijazwe maji yenye vinegre kidogo kwa saa 24, kiisha risasi iliyotoka ipimwe. Kwa chombo cha kupikia ao cha kuweka chakula kwa wingi, isipite miligramu 1.5 kwa litre. Nyungu mupya ya dukani inapashwa kufuata hesabu hiyo. Nyungu ya babu wa mutu haikupimwa na yeyote, na jicho haliwezi kuipima, hata iwe nzuri namna gani. Kuisugua na sabuni hakuondoe kitu. Basi, mutu akikuletea zawadi ya zamani toka Italia, weka maua makavu, ao ipige ukutani. Usiipikie watoto tomati. Mutungi wa maji usiopakwa mungao hauna shida hiyo, na unafanya maji baridi sawa na mitungi ya mama zetu.

Kilichomaliza capasone si risasi. Ni damu-jane za kioo, bidon za plastiki na matanki ya simenti. Tena mwaka 1965 kiwanda kikubwa cha chuma kilifunguliwa Taranto, na vijana wa miji ya kando wakaenda kutafuta mushahara wa mwisho wa mwezi. Nani atawalaumu? Sisi tunajua mushahara wa kampani unavyovuta, na unavyokatika. Atelie zilizobaki Grottaglie zinauzia wageni zaidi. Mitungi ya litre 100 ingali inafinyangwa, lakini mingi inaenda katika bustani na katika milango ya hoteli, na tundu la divai, pale chini, fundi analitoboa bado.