Magari Matatu Yaliyobeba Kisima Chao

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba safari ni hatua. Lakini mwenye kusafiri kwa gari anajua kuwa safari ni hatua na mafuta. Waulize madereva wa malori wanaoshika njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma: kabla ya kuuliza habari za mvua au za mizani, huuliza tangi lina kiasi gani. Leo Jumapili, ukiwa umepumzika pamoja na jamaa zako baada ya juma zima la kazi, nakualika tuandamane na magari matatu yaliyozunguka dunia huku kisima chao kikiwafuata nyuma, maana sehemu nyingi yalikopita hapakuwa na mtu wa kuyauzia kile yalichokinywa.

Twende kwanza Stuttgart, nchini Ujerumani. Mji huu umelala bondeni, umezungukwa na vilima vilivyopandwa mizabibu, na mto Neckar unapita kando ya viwanda vyake. Mwishoni mwa Januari 2011, katika baridi kali, kampuni ya Daimler ilikuwa na sherehe. Ilikuwa imetimia miaka 125 tangu tarehe 29 Januari 1886, siku ambayo fundi mmoja wa mji wa Mannheim, Carl Benz, alipeleka maombi ya kusajili hataza ya gari lake la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini. Wengine wangeiadhimisha siku hiyo kwa karamu na hotuba, kisha wakaenda kulala. Kampuni hiyo ilichagua kuiadhimisha kwa safari: siku 125, nchi 14, mabara manne, na zaidi ya kilomita 30,000.

Magari yaliyoondoka yalikuwa matatu, ya aina ya Mercedes-Benz B-Class. Kwa umbo hayakuwa na ajabu. Ungeyaona barabarani ungedhani ni magari ya kumpeleka mtoto shule na mama sokoni. Ajabu ilikuwa ndani. Hayakutumia petroli wala dizeli, bali hewa ya haidrojeni, kilo zipatazo nne, iliyoshindiliwa ndani ya mitungi kwa nguvu ipatayo mara 700 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Haidrojeni hiyo ilipokutana na oksijeni kwenye utando mwembamba uliopakwa madini ya platinamu, ulizaliwa umeme, na umeme ukaizungusha mota. Nyuma, pale ambapo gari letu hutoa moshi mweusi unaowakoholesha waliosimama kituoni, magari hayo yalitoa mvuke wa maji tu.

NJIANI

Basi yakashika njia. Yalipita Ufaransa na Uhispania hadi Ureno, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Yakavushwa bahari hadi Marekani, yakaanzia Florida kwenye joto na minazi, yakaambaa na kusini yote ya nchi ile hadi pwani ya Pasifiki, kisha yakapanda kaskazini mpaka Vancouver, nchini Kanada. Yakavushwa tena, safari hii hadi Australia, na kutoka Sydney yakaelekea magharibi kuitafuta Perth.

Hapa, msomaji, yafaa tusimame kidogo. Kati ya Adelaide na Perth kuna uwanda mkubwa uitwao Nullarbor, jina lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kwamba hakuna mti. Na kweli hakuna. Mna vichaka vifupi, mawe ya chokaa, mbingu isiyo na mwisho, na vibao vya manjano vya kuwatahadharisha madereva juu ya kangaruu na ngamia. Barabara ya huko ina mahali inaponyooka kwa kilomita 146 bila kona hata moja. Fikiri mtu atoke Dar es Salaam, aipite Chalinze, aendelee mbele, na wakati wote huo asiuzungushe usukani. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akiishiwa mafuta haombi msaada kwa jirani, kwa kuwa jirani hayupo.

Kutoka Australia msafara ulikwenda China. Ulianza Shanghai, ukaiacha bahari nyuma yake na kuelekea magharibi, upande ule ambako misafara ya ngamia ilikuwa ikibeba hariri zamani. Ukaingia Kazakhstan, nchi ya mbuga tambarare na upepo, ukapita Urusi, kisha Finland, Sweden, Norway na Denmark. Mwanzoni mwa Juni 2011 magari yote matatu yakarudi Stuttgart yakiwa mazima. Yaliondoka wakati wa theluji, yakarudi mizabibu imechipua majani.

Hapana shaka ilikuwa kazi kubwa, na waliohusika wastahili sifa. Lakini msomaji mwangalifu atauliza: hayo magari yalijaziwa wapi? Tangi likijaa liliweza kuipeleka gari kilomita zipatazo 400, kwa hesabu ya kiwandani. Katika kilomita 30,000, kila moja lilihitaji kujaziwa zaidi ya mara 70. Vituo vya haidrojeni vilikuwa vya kuhesabika duniani, na katika sehemu nyingi za njia ile havikuwapo kabisa. Ikabidi mtambo wa kujazia upakiwe juu ya gari jingine, uandamane na msafara nchi kwa nchi, na haidrojeni iletwe mpaka hapo mtambo ulipo. Nyuma ya magari matatu yaliyotoa maji, ulifuata msafara mzima wa magari ya kawaida yaliyobeba mafundi, vipuri na kisima.

ASIYEKUWAPO

Huenda umekwisha kuhesabu yale mabara manne: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Asia. Afrika haimo. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Lakini safari hii methali hiyo imekosea, maana letu lilikuwapo. Nilikutajia ule utando uliopakwa platinamu. Sehemu kubwa ya platinamu inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini, katika migodi iliyoko kaskazini ya nchi ile, karibu na miji kama Rustenburg. Pasipo madini hayo, gari la namna ile haliendi hata hatua moja.

Na wanaoyachimba ni watu. Mwaka uliofuata safari ile, tarehe 16 Agosti 2012, huko Marikana, wachimbaji wa platinamu waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na polisi, wakafa 34 kwa siku moja. Siwatwiki lawama hiyo madereva wa Stuttgart, la hasha. Nasema tu kwamba anayetaka kuichora ramani kamili ya safari ya gari hana budi kuchora pia njia ambazo hazikupitwa na magurudumu. Bara letu halikuuona msafara, lakini mikono ya watu wake ilikuwa imekwisha kutangulia mbele ya msafara wowote wa aina ile.

MKE WA FUNDI

Sasa turudi nyuma, kwa kuwa sherehe ile ya miaka 125 ilikuwa na mama yake. Gari la Carl Benz lilipokwisha kuundwa, watu hawakulikimbilia. Wengi waliliona kuwa ni mchezo wa kelele. Asubuhi moja ya Agosti 1888, mkewe, Bertha Benz, alilitoa gari bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, na kuondoka Mannheim kwenda Pforzheim kumwona mama yake. Mwendo huo ni wa kilomita mia moja na ushei, na kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini.

Ile ndiyo safari, ndugu msomaji. Mafuta yalipopungua, Bertha alisimama mji wa Wiesloch, akaingia duka la dawa na kununua dawa ya kusafishia madoa, kwani ndiyo iliyoweza kuwaka katika injini ile. Duka hilo leo huitwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na nje yake wameweka ukumbusho. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunga kwa ukanda wa soksi. Mnyororo ulipoleta matata, alitafutwa mhunzi. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu alizigongea ngozi. Penye mlima watoto walishuka wakasukuma. Jioni wakafika, simu ya maandishi ikapelekwa kwa baba, na aliporudi nyumbani mama huyo alikuwa na mengi ya kumweleza mumewe juu ya nini kirekebishwe.

Ziweke sasa safari hizo mbili bega kwa bega. Ya mwaka 2011 ilikuwa ndefu mara mia mbili na zaidi, lakini ilibeba kila kitu chake. Hapakuwa na mwuza dawa wa Kazakhstan aliyeweza kuijazia, wala mhunzi wa Australia aliyeweza kuitengeneza. Ya mwaka 1888 ilikuwa fupi, lakini njia nzima ilishiriki. Mwuza dawa, mhunzi na fundi viatu, watu wasiojua gari ni nini asubuhi ile, jioni walikuwa wamekwisha kulitia mkono.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya yaliyofuata. Magari ya aina ile ya haidrojeni yalitengenezwa mia mbili hivi tu. Mwezi wa Aprili 2020, kampuni ilitangaza kwamba haitaendelea na magari madogo ya haidrojeni kwa sababu ya gharama, na juhudi zikahamia kwenye malori makubwa. Chombo kilikuwa chema, na kilithibitisha kwamba chaweza kuzunguka dunia. Kilichokosekana ni kisima kando ya njia.

Jambo hili si la Wajerumani peke yao. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baadaye wenye bajaji na teksi wakaanza kuitumia kwa kuwa ni nafuu kuliko petroli. Lakini vituo vilipokuwa vichache, dereva aliyeokoa fedha kwenye mafuta aliipoteza kwenye foleni, akilala garini ili apate kujaza alfajiri. Vivyo hivyo leo tunaletewa pikipiki na magari ya umeme, na tunaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba yana faida kubwa kwa mapafu ya watoto wetu.

Yapokee, msomaji, lakini uyapokee kwa maswali ya mke wa fundi. Likiishiwa nguvu nikiwa njiani, nitalijaza wapi? Likiharibika, ni nani wa kulitengeneza? Je, fundi wa Gerezani amekwisha kufundishwa, au itabidi tumngojee mtaalamu aje kwa ndege na sanduku lake? Chombo ambacho fundi wa kando ya njia hakijui bado ni mgeni, hata kama kimeizunguka dunia nzima. Siku utakapomkuta kijana mwenye mikono michafu amekifungua juu ya turubai, spana mkononi, akikwambia usubiri nusu saa tu, siku hiyo ujue kwamba kimefika.