Kishikio cha betri: nikibebe au nikiache?

Wadau, kwa wiki mbili nimezunguka na kishikio cha betri chini ya Canon 5D Mark II yangu, kamera ya mwaka 2008 niliyoinunua imeshatumika. Kinaitwa BG-E6. Kinabeba betri mbili za LP-E6, au sita za AA ambazo hata kwa Mangi zipo. Kasi ya kamera haiongezeki, ila kuna kitufe cha pili cha kupigia picha za wima bila kunyanyua kiwiko.

Jumamosi harusini kilinifaa kweli. Toka kanisani mpaka ukumbini sikubadilisha betri, na mkono haukuuma.

Jumatatu nikaenda nacho Kariakoo. Mama lishe wangu, ambaye huwa tunataniana, alipoliona lile dude akajifunika kanga usoni. "Mwanangu, leo umekuja kututoa kwenye TV?" Nikarudi bila picha.

Jana nikakifungua, betri ya akiba nikatia mfukoni. Mama akanimiminia chai, akacheka, nikapiga.

Basi nimeamua: kishikio ni cha harusi, maana ndiko inakotoka kodi ya chumba. Mtaani naenda na kamera ndogo kadiri ninavyoweza.