Ramani ya Njia za Kasapa

Tukitoka katikati ya mji wa Lubumbashi na kufuata barabara ya Kasapa kuelekea kaskazini, twafika penye chuo kikuu. Chuo hiki kilianza mwaka 1956, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Tangu 1981 chaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Jamaa nyingi za Katanga zina mtoto aliyesoma hapo.

Ramani za kawaida zatuonyesha majengo makubwa: fakulte, ofisi, na nyumba za kulala ambazo wanafunzi huziita «homu». Ni vema. Lakini kijana aliyefika jana kutoka Kamina au Kolwezi ana maswali mengine. Maji huchotwa wapi? Nani hupiga fotokopi kwa bei ndogo? Njia ipi haijai matope mvua za Januari zinyeshapo? Wapi pana taa ya kusomea usiku? Majibu yamo vichwani mwa wanafunzi wa zamani, nao wakimaliza masomo huondoka nayo.

Siku hizi twaweza kuyaandika. Mwaka 2004, huko Uingereza, ilianzishwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu aweza kuongeza yale anayoyajua. Juu ya ramani hiyo, kwa chombo kiitwacho uMap, mtu hutia alama zake bila malipo, akaandika maneno machache kwa kila alama, kisha akawapa wenzake anwani yake katika intaneti. Simu hupokea ishara za setilaiti nne au zaidi, ikajua mahali iliposimama, ikikosea mita chache tu.

Tuangalie jambo moja. Kila mahali huandikwa kwa namba mbili. Za Lubumbashi ni karibu 11.6 kusini, yenye alama ya kutoa mbele yake, na 27.5 mashariki. Programu moja hutaka ya kusini itangulie, nyingine ya mashariki. Atakayezibadilisha atakuta chuo chake kimehamia jangwani, katika Sahara ya Magharibi!

Basi, namba peke yake hazitoshi; yapasa kutembea kwa miguu. Kwetu vichuguu huwa virefu kupita mtu, navyo ni alama njema ya njia: tuviandike. Bomba la maji laweza kukauka: tuandike tarehe tulipoliona likitoa maji. Mama anayeuza mikate tumwombe ruhusa kwanza, maana mahali pake ni riziki yake. Chumba cha msichana tusikitie alama kamwe. Ramani ikisomwa na rafiki, husomwa na mwizi pia.

Tena pana mahali pasipo soko wala bomba, lakini panastahili alama. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika makao yao hapo chuoni. Wengi wanaolala humo leo hawakuwa wamezaliwa. Yafaa wajue wanapita wapi.

Enyi wanafunzi, msingoje wakubwa wawafanyie kazi hiyo. Anzeni na alama kumi: njia mnayopita kila asubuhi, kivuli mnachosomea, mahali pa maji. Mwakani mtoto wa mtu mwingine atafika Kasapa na sanduku lake kichwani, akitafuta hayo hayo.